Mutu wa Bordero: Safari Katika Njia ya Shaba, Kutoka Kolwezi Mpaka Kasumbalesa

Ndugu musomaji, kama unakaa Kolwezi, Fungurume, Likasi ao Lubumbashi, unazijua kamyo za shaba. Zinapita mbele ya mulango wako muchana na usiku. Mavumbi yake yanaingia mpaka katika sufuria ya sombe, na mama mwenye kuanika nguo anaangalia kwanza upepo unatoka upande gani. Unawajua pia watu wa njia hii: shofere, mukreseri, polisi wa barabara, wakubwa wa kompani. Lakini kuna mutu mumoja tusiyemuona sana, na bila yeye hakuna kamyo hata moja inayoweza kutoka. Ni yule anayesimama kwa mulango wa depo, kofia ya plastiki kichwani, ubao wa karatasi chini ya kwapa, na kalamu imefungwa na kamba kusudi isipotee. Vijana wanamuita pwanteri. Wazee wetu walisema karani. Kazi yake ni kupokea mizigo na kutuma mizigo.

Kazi ya kanisa inanipitisha katika barabara hii mara nyingi. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 300, na kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa kilometre 90 na kitu. Safari hii nilisema moyoni: nitaiangalia njia kwa macho ya hawa makarani, kwa maana wengi wao wanakaa katika viti vya makanisa yetu siku ya Mungu, na hatujui hata kidogo siku sita zingine wanapambana na nini. Basi twende pamoja.

Ku Kolwezi, nyuma ya musitari wa manjano

Ndugu mumoja wa kanisa alituombea ruhusa katika depo anamotumika. Walinipa viatu vyenye chuma na koti ya kungaa, wakanionyesha musitari wa manjano chini: usipite hapa. Mashini yenye meno mawili ya chuma mbele ilikuwa inakwenda na kurudi, na shofere wake hawezi kuona mutu vizuri kama muzigo uko mbele ya uso wake.

Shaba ikitoka fabriki haiko tena jiwe. Ni vipande vya bapa, vyekundu, karibu metre moja kwa metre moja. Wanaviita katode. Usafi wake ni asilimia 99.99, maana yake uchafu uliobaki ndani ni kidogo kuliko chumvi katika boga la mugonjwa wa tansio. Wanapanga kipande juu ya kipande, wanafunga na mishipi ya chuma, wanabandika etiketi yenye namba na kilo. Fungu moja linapita kilo 2,000. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe: mwaka 2024 bei ya shaba ku London ilikuwa juu ya dola 8,000 kwa tani moja. Fungu moja, lenye ukubwa wa meza ya kulia, ni dola 16,000 na zaidi. Kamyo moja inabeba tani 30 na kitu. Na mutu anayesema kama hesabu ni sawa ao si sawa, mushahara wake haununue hata kipande kimoja cha juu.

Nilimuangalia akitumika. Anakamata bordero, ndiyo karatasi yenye kuandika ni mizigo gani, mingapi, ya nani, inakwenda kwa nani. Anasoma namba ya kamyo, namba ya remorke, jina la shofere kwa permi yake. Kiisha anaanza kuhesabu mafungu kutoka nyuma ya kamyo kwenda mbele, halafu kutoka mbele kurudi nyuma. Kila etiketi anaigusa.

"Papa Pasta," akaniambia, "hapa hatuhesabu na macho. Macho inachoka. Tunahesabu na kidole."

Baada ya hapo kuna baskili, ile mizani kubwa ya kupima kamyo nzima. Kamyo inapimwa tupu, inapimwa tena ikiwa imejaa, na tofauti ndiyo uzito wa muzigo. Inaonekana kama kazi ya mutoto wa shule. Lakini sikia maujanja ya watu. Kama shofere alikaa ndani wakati wa kupima mara ya kwanza, na mara ya pili ameshuka kununua mikate, tayari kilo 70 zimepotea katika hesabu. Kama alijaza mazuti katikati ya kupima mara mbili, kilo mia kadhaa zimeongezeka ambazo si shaba. Karani mwenye akili anaangalia reservware, anaangalia kabine, anaangalia kama magurudumu yote yamepanda juu ya mizani. Katika inchi za kusini na mashariki, kamyo ndefu haipaswe kupita tani 56 pamoja na muzigo wake; ikipita, itasimamishwa mbele, na kosa litarudi ku jina la aliyeituma.

Kobalti ni shida nyingine. Haitoki kama kipande, inatoka kama unga wenye maji maji ndani ya magunia makubwa yenye masikio ine. Karani anapima uzito pamoja na maji, na watu wa laboratware wanachukua musampo kidogo kusudi wajue maji ni ngapi. Wanunuzi wanalipa kobalti, hawalipi maji. Kwa hiyo kama gunia lilipasuka na mvua ya mwezi wa kwanza ikaingia, mizani itasema kilo zimeongezeka wakati mali haikuongezeka. Mutu anayefikiri kwamba mizani haidanganye hajapata kutumika ku depo. Biblia nayo ina maneno mengi juu ya mizani, lakini leo sihubiri.

Mwisho, plombo. Wanafunika muzigo na bashi, wanapitisha kamba ya chuma, wanafunga kwa plombo yenye namba. Nilimuuliza yule ndugu: je, mwizi hawezi kuikata? Akacheka. Hata mutoto wa miaka 12 anaweza kuikata na pensi nzuri. Plombo haizuie mwizi. Inasema tu kama mwizi alipita. Ndiyo maana wanaisoma kwa sauti, karani na shofere pamoja, namba kwa namba, na wote wawili wanaweka saini. Ile sauti mbili zinazosoma namba moja, nilizisikia mara nane asubuhi hiyo, na kila mara ilinifanya nikumbuke mashahidi wawili mbele ya kiti cha hukumu.

Namba ya mwisho juu ya kontena

Acha nikuonyeshe jambo moja lililonishangaza, na watoto wako wanaofanya hesabu ku shule wanaweza kulijaribu nyumbani. Ukiona kontena inapita, soma namba yake: herufi 4, kiisha namba 6, na pembeni namba moja peke yake katika kisanduku kidogo. Ile ya mwisho haihesabu kontena. Iko pale kwa kukamata makosa ya karani.

Namna yake ni hii. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na hivyo kwenda mbele, lakini wanaruka 11, 22 na 33, mpaka Z ambayo ni 38. Unazidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya ine kwa 8, unaendelea kuongeza mara mbili mpaka ya kumi, kwa 512. Unajumlisha yote, unagawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho namba ya kisanduku. Kikibaki 10 wanaandika 0. Chukua CSQU 305438, ambayo wanaitumia kwa kufundishia. Jumla ni 6,185. Ukigawanya kwa 11 inabaki 3, na kweli kisandukuni ni 3. Sasa karani aliyechoka aandike 305483, ameruka tu namba mbili za mwisho. Hesabu inatoa 0, si 3. Kosa limeonekana hapo hapo, mbele kontena ya mutu haijapelekwa ku inchi ya mwingine.

Hizi kontena zenyewe hazijakuwa za zamani sana. Mwaka 1956 ku Marekani, Malcom McLean alipakia masanduku 58 ya chuma juu ya mashua Ideal-X, kutoka Newark mpaka Houston. Mbele ya hapo, kila gunia na kila kasha lilipita juu ya mabega ya mutu, na karani alilihesabu moja moja.

Likasi: muzee wa treni

Tulipita Fungurume bila kukawia, sababu mvua ilikuwa inakuja, tukafika Likasi jioni. Likasi ni muji ninaoupenda. Miti yake mikubwa ya kikoloni bado inafunika barabara, na Shituru, fabriki iliyoanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, bado iko pale chini. Huko nilikaa jioni moja kwa muzee mumoja aliyekuwa karani wa mizigo wa reli kwa miaka mingi. Nyumba yake ni ya matofali ya kompani, na kwa ukuta kuna kalendari ya zamani yenye picha ya lokomotive.

Yeye aliniambia habari ambayo vijana wa kamyo hawaijui. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitoka kusini. Mwaka unaofuata, 1911, fabriki ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba. Mwaka 1928 reli nyingine ikafika Port-Francqui, sasa ni Ilebo, kusudi shaba ipite ndani ya inchi mpaka Matadi. Na mwaka 1931 reli ya Benguela ikatuunganisha na bahari ku Lobito, katika Angola, njia fupi kuliko zote.

"Njia ya Ilebo, mwanangu, njo ilikuwa shule ya kweli ya karani," muzee akasema. Sikiliza kwa nini. Shaba inatoka Likasi ndani ya wagoni. Ku Ilebo inashushwa katika wagoni, inawekwa ndani ya mashua ya Kasai. Ku Kinshasa inashushwa tena, inapandishwa katika treni ya kilometre 366. Ku Matadi inashushwa mara nyingine, inaingia katika mashua ya bahari. Kila pahali pa kushusha, karani mumoja anatoa na karani mwingine anapokea, na wote wawili wanahesabu. Kama upungufu unaonekana ku Matadi, wanarudisha karatasi nyuma: Kinshasa alipokea ngapi? Ilebo alitoa ngapi? Wanarudi hivyo mpaka wanafika pahali ambapo namba mbili hazipatani. Pale njo muzigo ulipotelea. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote ya kazi hakuogopa mwizi kama alivyoogopa karani muvivu, kwa maana karani muvivu anakopia namba ya mwenzake bila kuhesabu, na baada yake hakuna mutu anayeweza tena kujua ukweli uko wapi.

Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya Benguela. Mwaka 1976 TAZARA ikafunguliwa, kilometre 1,860 kutoka Kapiri Mposhi katika Zambia mpaka Dar es Salaam, na sehemu ya shaba yetu ikaanza kwenda upande wa mashariki. Gécamines ilipanda mpaka zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, katikati ya miaka ya 1980. Kiisha, mwezi wa 9 mwaka 1990, sehemu ya mugodi wa Kamoto ikaanguka, na miaka iliyofuata ninyi wenyewe munaijua: posho ikakatika, lopitali ikakosa dawa, na wagoni zikasimama katika majani. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa feza za kwenda. Makarani wengi walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Muzee hakulia alipoyasema haya. Alisimama, akafungua kabati, akanionyesha kitabu cha zamani cha kuandikia wagoni, mistari imenyooka, hakuna hata neno moja lililofutwa na mupira. Wao walikuwa na desturi: ukikosa, unapiga musitari mumoja juu ya kosa, kusudi lisomeke bado, unaandika lile la kweli pembeni, unaweka saini. Kufuta kabisa ilikuwa kama kuiba.

Leo Congo inatoa shaba nyingi kuliko wakati wowote wa zamani, zaidi ya tani milioni 2 na nusu katika mwaka 2023, na sehemu kubwa inakwenda kwa kamyo.

Lubumbashi: kupokea

Watu wanafikiri kutuma ndiyo kazi ngumu. Makarani wa Lubumbashi waliniambia hapana, kupokea ndiko kunakoleta magonjwa ya tumbo. Kamyo zinazoshusha shaba kusini zinarudi na vitu vya kulisha fabriki: sufuru ya kutengenezea asidi, chokaa, mipira ya magurudumu, vyuma vya mashini, na unga wa mahindi vilevile. Kila kitu kina desturi yake. Chokaa ikilowana inapata moto na kuharibika, kwa hiyo magunia hayawekwi chini bila mbao. Asidi na chokaa havikai karibu. Unga ulioingia kwanza unatoka kwanza. Katika depo moja niliona magunia yamepangwa vile kwamba ya zamani yamezibwa nyuma na mapya, na harufu ilisema tayari panya wamekula sakramenti yao.

Lakini jambo kubwa la kupokea ni kalamu. Kama ukiweka saini bila kuandika kitu, maana yake muzigo ulifika muzima na kamili. Kama kuna upungufu, unaandika rezeva: magunia 6 yamepasuka, kasha 1 limefunguliwa, plombo haipo. Unaandika hayo juu ya nakala zote, si ya kwako tu, na shofere anaweka saini chini. Tangu mwaka 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake juu ya mizigo ya barabara inasema hivi: upungufu unaoonekana kwa macho, mupokeaji amuandikie mubebaji si zaidi ya siku ya kazi inayofuata, ule usioonekana, katika siku 7. Baadaye ukipiga kelele, watakuuliza: mbona ulitia saini?

Na sasa nikuambie habari ya kijana mumoja. Sitaji jina lake, wala jina la kompani, na aliniruhusu kuiandika.

Alikuwa anapokea shaba katika depo moja ambamo kamyo zinashusha na kupakia tena. Siku ya posho saa kumi na mbili jioni kamyo ikaingia. Bordero ilisema mafungu 14. Yeye akahesabu na kidole: 13. Akahesabu tena, 13. Akaenda kusoma plombo. Namba yake haikuwa ile ya karatasi. Akamuita shefu wake kwa telefone. Shefu akasema: "Weka tu saini. Fungu lingine litakuja na kamyo ya kesho. Usitucheleweshe, watu wanataka kwenda ku nyumba." Shofere naye alikuwa amesimama pale, hasemi kitu, anaangalia viatu vyake.

Kijana alikuwa na mukataba wa miezi 6, na ulikuwa unaisha katika wiki tatu. Watoto wawili ku shule. Bibi alikuwa karibu kuzaa. Musomaji, wewe ungefanya nini? Usijibu haraka. Ni rahisi kujibu ukiwa umekaa, na tumbo limeshiba bukari.

Aliandika: "Nimepokea 13. Namba ya plombo si ile ya bordero." Akaandika namba aliyoiona, na saa. Aliandika juu ya nakala zote ine. Shofere alikataa kuweka saini. Kijana akaandika tena, "shofere amekataa", na akamuomba sentinele aweke jina lake kama shahidi. Nakala ya rangi ya rose akaikunja, akaitia mufukoni.

Siku ya kwanza ya juma hakuna aliyemusemesha. Wiki tatu zikaisha, mukataba haukurudishwa. Hakuna aliyetaja ile bordero. Walisema tu kazi imepunguka. Miezi kadhaa baadaye watu wa asiranse walikuja kuuliza, sababu lile halikuwa fungu moja tu, na makarani wawili wa depo ile waliotia saini 14 juu ya 14 kila mara walishikwa na polisi. Wao hawakuiba, walikopia namba. Mumoja alikaa ndani siku nyingi, na jamaa yake waliuza kiwanja kusudi atoke. Wale waliochukua shaba, sijui kama mutu aliwauliza kitu.

Yule kijana alipelekwa kutoa maelezo. Akatoa ile karatasi ya rose. Wakaisoma, wakaikopia, wakamurudishia, wakamuambia unaweza kwenda. Hakurudishwa ku kazi. Alikaa mwaka mumoja bila mushahara, akiuza krediti za telefone pembeni ya soko. Bibi yake alinisemea wazi, mbele yake: "Pasta, ile mwandiko yake njo ilikula minerval ya batoto." Sikumukemea. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana ni yeye aliyelala na mutoto muchanga katika nyumba isiyolipwa. Sasa bwana anapokea chokaa katika depo ndogo ku Likasi, mushahara ni muchache kuliko ule wa kwanza. Lakini niliona jambo: ile karatasi ya rose, aliyeitunza ni mama. Iko katika valise pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ninyi wazazi munaotafutia vijana kazi hii, siwakatazi. Ni kazi ya heshima, na kijana mwenye kusoma na kuhesabu anaweza kuijifunza. Lakini muulize kwanza mambo haya: nani anasaini mukataba, kompani kubwa ao kompani ndogo inayokodisha watu? Mukataba ni wa muda gani? Je, upungufu unakatwa katika mushahara wa karani bila uchunguzi? Je, karani anabaki na nakala yake? Pahali ambapo karani hapewe nakala, mimi nisingetuma mutoto wangu.

Kasumbalesa

Kutoka Lubumbashi kwenda mupaka unafuata safu ya kamyo mpaka unachoka kuhesabu. Kuna siku zinalala pale siku nyingi. Mashofere wa Tanzania, wa Zambia, wa Zimbabwe, wa Afrika ya Kusini wanapika chini ya remorke, na Kiswahili cha Dar es Salaam kinakutana na chetu juu ya sahani moja ya bukari. Wao wanatucheka tukisema "njo", sisi tunawacheka wakisema "ugali". Wamama wanauza mayai ya kuchemsha, maji, mandazi, na betri za tochi.

Deklaranti wanakimbia na mafaili. Kwa kila kamyo kuna karatasi ya duane, ya kompani, ya mubebaji, ya mizani. Kama namba moja haifanane kati ya karatasi mbili, kamyo inasogezwa pembeni, na pembeni ya Kasumbalesa si pahali pazuri pa kulala na shaba. Hapo ndipo niliona matunda ya kazi ya yule ndugu wa Kolwezi. Karani wa mupaka anasimama na tochi, anasoma plombo kwa sauti, shofere anasoma bordero kwa sauti. Zikipatana, dakika mbili tu. Zisipopatana, siku mbili.

Niliongea na karani mumoja wa pale, mutu wa miaka 50 hivi, juu ya reli ya Lobito. Kilometre zake 1,344 upande wa Angola zilitengenezwa upya kisha vita, na mwaka 2015 zikafunguliwa rasmi mpaka Luau, ku mupaka wetu wa Dilolo. Mwaka 2022 Angola iliweka saini ya kuikabizi kwa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Upande wetu, reli kutoka Dilolo mpaka Kolwezi ni ya zamani na inaomba kazi kubwa. Watu wanasema treni ikianza kubeba shaba nyingi, Kasumbalesa itapunguka. Nikamuuliza kama haogope.

Alinyanyua mabega. "Wagoni nazo ziko na plombo, Papa Pasta. Mutu wa kuisoma atahitajika." Kiisha safu ikasogea, akawasha tochi yake, akaenda kwa kamyo inayofuata, na shofere wake, mutu wa Mbeya, akaanza kusoma namba.